Miongozo ya zana za kanzidata, msomaji akiwa wakala wa akili unde

Tangu kampuni ya Anthropic ilipoitoa itifaki ya MCP, ya kuziunganisha programu za akili unde na zana na data za nje, mwezi Novemba 2024, kumwunganisha wakala wa akili unde (programu inayotekeleza kazi yenyewe kwa kutumia zana) na kanzidata kumekuwa kazi nyepesi, na viongozi wa vyama vya ushirika vya kahawa ninavyovihudumia hapa Moshi wameanza kuniuliza ni lini nao watapata msaidizi wa namna hiyo. Naamini atawafaa, hasa wakati wa msimu, ambapo karani mmoja anapokea kahawa, anapima, anaandika stakabadhi na bado anasubiriwa atoe taarifa ya malipo. Hata hivyo nimeanza na kuandika upya miongozo ya zana zetu, kwa kuwa tuliyonayo iliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ameshakaa nami ofisini.

Mtu huyo akisoma “endesha faili la malipo kwa psql, kisha hakiki”, anajua ahakiki nini na wapi. Wakala ana maandishi yaliyo mbele yake na majibu anayorudishiwa na zana, basi. Psql, programu ya kuipa amri kanzidata ya PostgreSQL tunayoitumia, inahitaji kuelezwa kwa uangalifu mkubwa, maana kwa kawaida ikiendesha faili lenye amri nyingi na moja ikakataliwa, huandika ujumbe wa kosa, huendelea na amri inayofuata, na mwishowe hurudisha namba 0, ileile inayorudishwa mambo yote yakienda sawa. Wakala anayeipima kazi kwa namba hiyo atatoa taarifa kwamba malipo ya awali ya wakulima yameingia, ilhali baadhi hayakuingia.

Kwa hiyo ukurasa mpya unatoa amri nzima, bila kumwachia msomaji nafasi ya kuchagua:

psql -X -v ON_ERROR_STOP=1 --single-transaction -f malipo.sql

Chini yake kila namba imeandikiwa maana yake na hatua inayofuata. Namba 0 sasa inaaminika, kwa kuwa ON_ERROR_STOP huisimamisha psql kwenye kosa la kwanza na --single-transaction hulifanya faili lote muamala mmoja, unaopita wote au usipite kabisa; 3 ina maana kwamba amri mojawapo imekataliwa na, maadamu faili lenyewe halina COMMIT (amri ya kuthibitisha muamala) ndani yake, hakuna mstari hata mmoja ulioingia; 2 ina maana kwamba mawasiliano na seva yamekatika. Hii ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi kuiandika, kwa sababu mawasiliano yakikatika wakati seva inathibitisha muamala, aliye upande huu hawezi kujua kama malipo yamepita. Ukurasa unamwagiza wakala aitafute kwanza namba ya bechi (kundi la malipo yanayoingizwa pamoja) katika jedwali la malipo: akiikuta asirudie, asipoikuta amwite karani. Akirudia kwa bidii tu bila kutazama, mkulima wa Kibosho ataandikiwa malipo mara mbili, na chama ndicho kitakachohangaika kuzirejesha fedha hizo.

Jambo jingine ni mahali pa onyo. Mara nyingi wakala huletewa kipande cha mwongozo kinachohusu swali lake, wala si mwongozo wote, hivyo onyo lililo kwenye utangulizi huenda asilione kabisa. Kwamba pg_restore, zana ya kurejesha nakala rudufu, ikiwa na --clean hufuta majedwali kabla ya kuyaunda upya, au kwamba VACUUM FULL, amri ya kusafisha jedwali, hulifunga jedwali hata kwa wanaosoma tu mpaka imalize, lazima kusemwe katika aya ileile yenye amri hiyo, hata kama ni kurudia maneno.

Hata hivyo maandishi hayafungi mlango. Nimeona watu wakitegemea default_transaction_read_only, mpangilio wa kuruhusu kusoma tu, ambayo mtumiaji yeyote anaweza kuibadilisha akiwa ndani ya kikao chake. Nayo ruhusa ya pg_read_all_data, iliyokuja na PostgreSQL 14 mwaka 2021, inasoma kila kitu, zikiwemo namba za simu za wanachama, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuzilinde. Wakala wetu atapewa jina lake mwenyewe la kuingilia, ruhusa ya kusoma maono (views, yaani majedwali ya kutazama sehemu tu ya data) machache yasiyo na taarifa hizo, na ruhusa ya kuandika kwenye jedwali moja la maombi ambalo karani huliidhinisha. Mwongozo unaitaja mipaka hiyo waziwazi, ili akikataliwa asianze kutafuta njia ya kuzunguka.

Kila ukurasa ninaujaribu kwenye nakala ya kanzidata yenye majina ya kubuni, nikimpa wakala ukurasa huo peke yake na kazi moja, kisha ninakata mtandao katikati. Akiuliza jambo ambalo ukurasa haujalijibu, ninaongeza sentensi pale alipokwama na kulirudia jaribio tangu mwanzo. Ukurasa wa malipo umeshapita. Wa kurejesha nakala rudufu bado, kwa sababu pg_dump, zana ya kuchukua nakala ya kanzidata moja, haichukui majina ya watumiaji wa seva na ninahitaji kwanza kueleza jinsi pg_dumpall --globals-only inavyoziba pengo hilo.