Siku Moja Maishani Mwangu: Muuguzi wa Utafiti katika Kliniki ya Masikio, Pua na Koo

Saa kumi na moja alfajiri naamka, nasali, nagombania daladala pamoja na wenzangu wa Mbagala, na saa moja kamili nakuwa nimeshavaa sare na kufungua kabati la majalada ya utafiti. Majirani zangu wakisikia kwamba nafanya kazi ya utafiti hospitalini huwaza mambo mawili. Wapo wanaodhani tunachukua damu za watu na kuziuza, maana maneno ya mumiani bado hayajafa hapa Dar es Salaam. Wapo pia wanaodhani nakaa kwenye kiyoyozi nikijaza kompyuta na kusubiri posho. Mimi ni muuguzi, na wagonjwa huniita sista kama wanavyowaita wauguzi wa wodini. Tofauti ni kwamba kazi yangu huanza kwa kumwomba mgonjwa kitu ambacho ana haki kamili ya kuninyima.

Utafiti ninaouratibu unafuatilia usikivu wa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo wanaotibiwa kwa mionzi pamoja na sisplatini. Dawa hii inatumika duniani tangu miaka ya 1970 na imewaponya wengi, lakini ina tabia ya kuua seli zenye vinyweleo ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono. Kwa binadamu seli hizo zikishakufa hazioti tena. Madhara huanza kwenye sauti nyembamba za juu, mara nyingi katika masikio yote mawili, na mgonjwa mwenyewe huchelewa kuyatambua kwa sababu mazungumzo ya kawaida bado anayasikia. Kwa hiyo ni lazima apimwe kabla ya dripu ya kwanza. Ukimpima baada ya hapo huwezi tena kujua ni kiasi gani kimeondoka na dawa na ni kiasi gani kilikwisha kuondoka na umri.

Saa moja na nusu huwa na kikao kifupi na madaktari, ambapo napata orodha ya wagonjwa wapya. Saa mbili napima kelele ndani ya chumba cha kupimia usikivu, naandika namba kwenye daftari, kisha kliniki inaanza. Watoto wenye usaha masikioni, watu wazima waliopoteza sauti, wajukuu wanaowashika mkono babu zao: hawa ni wa madaktari, na mimi huwapita nikisalimia.

Saa tatu kasoro nilimpokea mzee mmoja kutoka mkoa wa Lindi ambaye nitamwita Maalim, kwa kuwa ni mwalimu wa madrasa. Mambo mengine yanayomhusu nimeyabadilisha asitambulike. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa miezi mingi kabla ya kuja, naye alidhani ni uchovu wa kusomesha. (Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila kupona, nenda ukaangaliwe koo, nalisema hili kila ninapopata nafasi.) Uvimbe ulikutwa kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko kooni, na siku hiyo ndiyo aliyopangiwa mionzi na dripu ya kwanza. Alikuja na mwanawe wa kiume, kijana nadhifu mwenye simu mbili, na huyo kijana ndiye aliyeimeza asubuhi yangu.

Kabla sijamaliza kujitambulisha alisema, "Sista, mpe kalamu mzee asaini, sisi kama familia tumeshakubali." Nilimweleza kwamba fomu ya ridhaa husomwa kwanza, na kwamba anayekubali au kukataa ni baba yake, ambaye ana akili timamu na amekaa mbele yetu. Alijibu kwamba ameambiwa na mtu anayejua kwamba wagonjwa walio kwenye utafiti hupita mbele ya foleni ya mashine ya mionzi na hupewa madaktari bingwa. Nikamwambia si kweli. Foleni ni moja na madaktari ni walewale. Akatabasamu kama mtu anayefichwa jambo. Akarudia. Nikarudia. Akauliza nauli inayorudishwa ni kiasi gani, nikamtajia, akasema basi hakuna sababu ya kuchelewa, asaini. Alipoona sitoi kalamu alitoka kwenda kumtafuta daktari, akarudi na daktari kijana aliyekuwa na wagonjwa wengi nje, naye akaniambia kwa upole kwamba mgonjwa amekubali, tusimcheleweshe.

Watu wa nje hawauoni ugumu huu. Utafiti wetu unahitaji washiriki, na wale wanaonisimamia huniuliza kila mwezi nimeandikisha wangapi. Mwana anataka, daktari anataka, na mimi mwenyewe nataka. Katika chumba kile aliyekuwa hajaulizwa ni mtu mmoja tu. Saini iliyopatikana namna hiyo ningeweza kuipeleka kwa kamati yoyote ya maadili ikapita bila swali, kwa kuwa karatasi haionyeshi nani alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Kwa hiyo nilimwomba daktari radhi, nikamwomba kijana akae au atusubiri nje, nikamgeukia mzee.

"Maalim, ungependa nikusomee au utasoma mwenyewe?"

Akavaa miwani. Alisoma kurasa zote, kidole kikifuata mstari, bila kuruka hata sehemu ya anwani. Kijana alihesabu dakika kwa sauti. Mtu wa famasia alipiga simu kuuliza kama mgonjwa wa sisplatini anakuja, kwa sababu kabla ya dawa yenyewe mgonjwa huwekewa maji mengi ya mshipa ili kulinda figo, na wakichelewa kuanza watamaliza usiku. Nilisema anakuja. Maalim aliinua kichwa mara moja tu kuuliza.

"Dawa hii itanizuia kusikia tofauti ya sini na thaa mtoto anaponisomea?"

Sijawahi kuulizwa swali lililolenga kiini cha utafiti wetu kwa usahihi kama lile. Sini na thaa ni herufi za Kiarabu zinazokaribiana kwa sauti. Nguvu ya sauti ya sini iko juu, Hezi 4000 na zaidi (Hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na huko ndiko sisplatini hubisha hodi kwanza. Nilimjibu ukweli: huenda ikamzuia, na hatuwezi kumwambia mapema kama atakuwa miongoni mwa wanaopoteza usikivu. Nikamweleza kwamba usikivu ukionekana kushuka, daktari wake atazungumza naye: wakati mwingine dozi hupunguzwa, wakati mwingine dawa hubadilishwa, na wakati mwingine huamuliwa kuendelea kwa kuwa saratani ni hatari kubwa zaidi. Dawa ya kukinga masikio imeidhinishwa Marekani tangu mwaka 2022, lakini ni kwa watoto wenye uvimbe ambao haujasambaa. Kwa mtu wa umri wake bado hakuna kinga iliyothibitishwa.

Alikunja fomu vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mwanangu, maneno yenu nimeyasoma na ni mazuri. Nipimeni masikio, lakini habari zangu ziishie kwa daktari wangu."

"Sawa, Maalim. Matibabu yako hayatabadilika kwa lolote."

Kijana alipandisha sauti. Alisema nimemkatisha tamaa baba yake makusudi, kwamba muuguzi mwingine angemshawishi, na kwamba atanipeleka kwa wakubwa. Nilimpa jina la ofisi ya malalamiko na namba ya chumba, kwa maana hiyo pia ni haki yake. Ilinichoma, sitasema haikunichoma.

Kupimwa masikio kabla ya dawa kulikuwa bado ni haki ya Maalim, awe ndani ya utafiti au nje yake, na muda ulikuwa unatuishia. Nikachungulia sikio la kulia nikaona ngoma ya sikio. La kushoto lilikuwa limezibwa na nta iliyokauka, nyeusi. Ukimpima mtu katika hali hiyo unapima nta. Ikabidi isafishwe kwa maji yenye joto la mwili, kwa sababu maji ya baridi humtia mtu kizunguzungu akaanguka kitini. Kipande cha kwanza kilitoka haraka, cha pili kiling'ang'ania. Tulipoingia chumbani umeme ukakatika na jenereta ikaanza kunguruma nyuma ya ukuta, kelele ikapanda juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Tukasubiri. Mngurumo wa jenereta hufunika sauti nzito za chini, Hezi 250 na 500, na kipimo cha mwanzo chenye mapengo kingemsumbua daktari hadi mwisho wa matibabu.

Umeme uliporudi nilimvalisha vipokea sauti vya masikioni na kumpa kitufe. Tulianzia Hezi 1000, kama kawaida: akisikia unashusha desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), asiposikia unapandisha 5, hadi upate sauti ndogo kabisa anayoweza kuitambua. Nilimtazama kupitia kioo. Alifumba macho, kichwa kimeinama kidogo, kidole gumba kikibonyeza kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kusikiliza kwa kazi. Sauti za juu zilikuwa zimeshapungua kidogo, kama ilivyo kwa watu wa umri wake. Sasa hali yake ya kabla ya dawa inajulikana. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa usikivu wa Marekani wana vigezo vinavyofuatwa na wengi: usikivu ukishuka desibeli 20 kwenye masafa mamoja, yaani kwenye wembamba mmoja wa sauti, au desibeli 10 kwenye mawili yanayofuatana, na kipimo kikarudiwa kuthibitisha, hesabu kwamba dawa imegusa sikio. Matokeo niliyaweka kwenye jalada lake la matibabu. Kwenye daftari la utafiti niliandika kwamba mgonjwa ameombwa na amekataa. Nafasi ya sababu niliiacha tupu, kwa kuwa hadaiwi sababu.

Kula nilikula, sikumbuki saa ngapi. Mchana wangu ulikuwa karatasi: makosa ya tarehe hukatwa kwa mstari mmoja, kosa lisomeke bado, kisha unatia herufi za jina lako na tarehe, kwa kuwa kufuta ni mwiko. Halafu simu za washiriki waliopotea. Wapo waliobadilisha namba, na yupo aliyeondolewa zoloto, ambaye namwandikia ujumbe naye hunijibu kwa maandishi marefu yenye habari za mahindi yake. Namba moja ilipokewa na mkewe mshiriki. Aliniambia mumewe amefariki. Nilimpa pole, nikanyamaza, kisha nikamwuliza kwa heshima tarehe, kwa sababu fomu inataka tarehe. Akaniuliza kama yale aliyotusaidia mumewe yatabaki. Nikamwambia yatabaki. Baada ya simu ile sikupiga nyingine.

Miguu ilikuwa imevimba nilipoifikia daladala, na foleni ilikuwa ile ya kila jioni. Simu yangu ya kazi ikaita nikiwa nimesimama mlangoni. Ni yule kijana. Sauti yake ilikuwa imetulia. Alisema mzee amemaliza dripu salama, ametapika kidogo, sasa amelala. Akauliza kama baba yake akibadili mawazo wiki ijayo ataweza kuingia kwenye utafiti. Nilimjibu kwamba haitawezekana, kwa kuwa ridhaa ilipaswa kutolewa kabla ya dawa ya kwanza, lakini masikio yatapimwa kabla ya kila dripu kama tulivyoahidi. Nikamwambia pia kwamba mzee akianza kusikia mlio masikioni, au akianza kuwaomba wanafunzi warudie, asingoje miadi. Na siku ya dripu ya pili wafike saa moja asubuhi, wakati hakuna foleni na kabla jenereta haijawashwa.