Kumbukumbu ya mradi: Nebula ya Shela, msimu wa tatu

Jana usiku, baada ya misimu mitatu ya kurudi ndani mikono mitupu, hatimaye niliiona NGC 6992, utepe wa mashariki wa Nebula ya Shela, wingu la gesi lililoachwa na nyota iliyolipuka, katika kundinyota la Dajaja, kwa darubini yangu ya kioo cha milimita 200, nje kidogo ya mji wa Iringa.

Muda wote huo nililaumu moshi wa mashamba yanayochomwa mwezi Septemba, kumbe kosa lilikuwa kwenye lenzi ya jicho. Nilikuwa nikifunga filta ya oksijeni, inayopitisha mwanga wa oksijeni na kuzuia mwingine, kwenye lenzi ya milimita 10, nikiamini kwamba kitu hafifu kinahitaji kukuzwa zaidi. Kwa darubini yangu yenye fokasi ya milimita 1200, lenzi hiyo hukuza mara 120, na mwali unaoingia jichoni huwa na upana wa milimita 1.7 tu, filta ikishakata sehemu yake, kinachobaki ni giza. Tena, Shela nzima ina upana wa takriban digrii tatu, sawa na miezi mipevu sita iliyopangwa mstari mmoja, nami nilikuwa nikiitafuta kwa kitundu kisichofika nusu digrii.

Safari hii nilifunga filta ileile kwenye lenzi ya milimita 32, mwali ukafikia milimita 5.3. Nilijifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, nikakaa dakika 40 bila kugusa simu, kisha nikaigonga darubini taratibu kwa kidole. Picha ilipotikisika, utepe wa kijivu uliopinda ulijitenga na giza, ncha yake ya kusini ikiwa imechambuka nyuzinyuzi. Nilipoiondoa filta, utepe ulitoweka, nilipoirudisha, ulirudi. Nyota iliyoacha Shela ililipuka kati ya miaka 10,000 na 20,000 iliyopita, na mpaka leo wimbi la mlipuko linaigonga gesi iliyo njiani na kuiwasha. Machozi yalinilengalenga.

Wanaosema filta hii haisaidii kitu kwenye Nebula ya Kaa, masalia mengine ya nyota iliyolipuka, wako karibu na ukweli, lakini filta haina kosa. Mwanga wa Shela umejikusanya katika mistari michache ya spektra, yaani rangi chache mahususi, hasa ya oksijeni karibu na nanomita 500, ilhali mwanga mwingi wa Kaa hutoka kwa elektroni zinazozunguka kwa kasi kubwa ndani ya uga wa sumaku, nao umetawanyika katika rangi zote. Kwa maoni yangu, filta hii inafaa kununuliwa kabla ya lenzi yoyote ya ziada.

Leo nilipanga kuchora NGC 6960, ule upande unaopita kwenye nyota ya 52 Cygni. Nimeahirisha, kwa sababu nilipokuwa kitandani nilipiga hesabu nikagundua kwamba masalia ya Vela, ya nyota nyingine iliyolipuka, hupanda hapa hadi takriban digrii 52 upande wa kusini, karibu sawa na Shela upande wa kaskazini. Kipande chake kiitwacho Penseli, NGC 2736, John Herschel alikiona mwaka 1835 akiwa Afrika Kusini. Februari, Vela inapoonekana vizuri usiku, kwetu ni mwezi wa mvua, lakini ramani yake nimekwisha kuibandika nyuma ya mlango wa stoo inamokaa darubini.