Mpira usiotaka kwisha

Juzi kwenye treni binti yangu akaniuliza, "Baba, kabla ya huu uwanja wa vioo, hapa palikuwa na nini?" Nikamjibu: palikuwa na upepo. Akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Lakini ndivyo. Paa la Metrodome, uwanja wa zamani uliokuwa pale, Minneapolis, Marekani, halikuwa na nguzo hata moja. Lilikuwa kitambaa cha fibaglasi kilichopakwa Teflon, na tangu 1982 kilichokiweka juu ni hewa iliyosukumwa ndani na feni kubwa. Watazamaji waliingia kwa milango ya kuzunguka ili hewa isitoroke. Mlango wa kawaida ukiufungua, hewa ilikusukuma nje kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mimi nilikuwa mfagiaji pale. Tarehe 5 Oktoba 2009 usiku, Vikings, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, walicheza na Packers. Tukafagia, wenzetu wakaugeuza uwanja uwe wa besiboli, maana kesho yake ilikuwa Twins, timu yetu ya besiboli, na Detroit Tigers. Baada ya mechi 162 za msimu walikuwa sawasawa, ikabidi ya 163 iamue nani asonge mbele.

Zamu yetu huanza mpira ukiisha. Huo haukuisha. Awamu tisa, ambazo kwa kawaida ndizo mwisho, zikapita wakiwa sare; ya kumi, ya kumi na moja. Tumekaa koridoni na mifagio, watu zaidi ya 54,000 wanapunga vitambaa vyeupe, makelele yamenaswa chini ya lile paa hata huisikii sauti yako. Mama mmoja wa Kisomali aliyekulia Mombasa akaniinamia sikioni: "Mwanangu, hawa hawana kwao?"

Awamu ya 12 tukaenda kuchungulia. Sheria sikuzijua, na bado zinanichenga. Casilla wa Twins akaupiga mpira ukapenya, mwenzake Carlos Gómez akatimua mbio akaingia kituo cha nyumbani, pointi ikapatikana. Sita kwa tano, Twins wameshinda. Pembeni yangu mtu akapasua vigelegele, vile vya arusini kabisa. Nageuka: ni yule mama, ufagio juu.

Halafu maganda ya karanga hadi alfajiri.

Yankees wa New York wakawatoa Twins siku chache baadaye. Mwaka uliofuata timu ikahamia uwanja usio na paa, Desemba theluji ikalichana paa letu, na 2014 jengo likabomolewa. Lilikuwa baya, silitetei.

Mama yule siku hizi yuko Ohio. Idi iliyopita nilimpigia, nikamkumbusha mechi ile. Akanyamaza kidogo.

"Kwani alishinda nani?"