Nikodemo Mchana

Somo: Yohana 3:1-16, 7:50-52, 19:38-42

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Kila Juni swali ni lile lile: shoga aliyeokoka aende Pride, yale maandamano ya fahari ya mashoga? Kwa miaka jibu langu lilikuwa siendi, na sababu sikuzitunga. Pombe, muziki wa kupasua masikio, watu nusu uchi, na siku hizi magari ya mabenki yaliyorembwa kama ya harusi. Nikasema Mungu ananijua, hanidai bendera. Mabenki yananikera mpaka leo. Lakini sasa nakwenda, na aliyenitoa ndani ni Nikodemo.

Yohana anamleta mara tatu. Kwanza usiku, anamwendea Yesu kwa siri. Kisha barazani, ambako anauliza swali moja tu la sheria na wenzake wanamrukia: "Je! Wewe nawe umetoka Galilaya?" Wengi wetu tunalijua swali hilo. Mbona unawatetea, au nawe ni wale wale? Mara ya tatu ni kwenye mazishi ya Yesu, kabla jua halijatua, amebeba manemane na uudi, yapata ratli mia. Mzigo kama huo haufichiki ndani ya joho.

Nikifika hapo namkumbuka David Kato, mtetezi wa haki za mashoga aliyeuawa, aliyezikwa Uganda Januari 2011. Mchungaji alishika kipaza sauti akawashutumu mashoga mbele ya jeneza, na wanakijiji wakagoma kuzika. Marafiki wakalibeba jeneza wenyewe. Aliyeomba kaburini ni Askofu Christopher Senyonjo, mzee ambaye kanisa lake lilikwisha kumtenga. Kazi ile isingefanyika kwa siri.

Na Pride yenyewe ina mkono wa mchungaji. Los Angeles, 1970, mmoja wa waandaaji alikuwa Troy Perry, Mpentekoste aliyenyang'anywa uchungaji kwa kuwa shoga, aliyeanzisha Metropolitan Community Church mwaka 1968. Ili watembee tu barabarani walidaiwa dhamana ya dola milioni 1 na nyingine ya dola 500,000, mpaka mahakama ikaingilia kati wakapata kibali. Baada ya maandamano Perry aliketi kando ya barabara, akafunga na kuomba. Polisi wakamkamata. Kumbe sala ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kabla ya benki yoyote.

Hapa Toronto kanisa hilo hufanya ibada ya nje Jumapili ya Pride, katika mtaa unaoitwa Church Street (jina halikupangwa na sisi). Aliyenipa mkate alivaa stola na raba, vidole vyake vikinuka mafuta ya kukinga jua. Nikala, nikaingia barabarani na wengine.

Ndugu wa Kampala, ambako sheria ya 2023 dhidi ya ushoga imefika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na ninyi wa Dar, siwaambii mwandamane. Someni tena sura ya 3. Bwana hakumwuliza Nikodemo kwa nini amekuja usiku. Alimfundisha, na ule mstari wa 16 tunaoukariri tangu Sunday school aliupata mtu aliyeogopa kuonekana.

Maombi ya wiki: wenzetu hao, wanaoandaa ibada ya Jumapili, na mama aliyeuliza kama anaruhusiwa kuja na mwanawe. Anaruhusiwa. Aje na kofia, jua ni kali.