Kutoka Matondoni hadi Erie

Alhamisi alfajiri navuka kutoka kisiwani Lamu kwenda Mokowe, upande wa bara, nipande basi la Mombasa, na kurudi ni majaliwa. Naenda Erie, Pennsylvania, Marekani, alikotangulia kaka yangu. Ni mji wa viwanda, watu wake hawafiki laki moja, na vichwa vya treni vimeundwa huko kwa zaidi ya miaka 100. Kaka yuko kiwanda cha plastiki, zamu ya usiku.

Jana nilimfuata baba bandani kumuaga. Alikuwa amechutama chini ya jahazi akitia kalafati: anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaishindilia kwenye ufa, anagonga, kisha anapitisha kidole gumba kuona kama imekaa. Nikamwambia mji ule uko ukingoni mwa ziwa, na mwaka 1813 hapo ziliundwa merikebu za vita za mbao. Akaacha kugonga.

"Mbao gani?"

"Mwaloni, baba, na misonobari."

Akauliza kama maji yana chumvi. Hayana. Akatikisa kichwa, akasema maji baridi huozesha mbao upesi. Alinihoji hadi adhana ya alasiri, na sikumbuki lini mara ya mwisho tuliongea hivyo.

Mama yeye anaogopa theluji tu. Upepo wa baridi hupita juu ya ziwa, ukabeba mvuke, ukaumwaga mjini. Tangu asubuhi anafunga achari ya ndimu kwenye mifuko mitatu mitatu, isivuje kwenye begi langu.