Jumamosi ya refa wa kikapu: jua, filimbi na kocha mmoja

Saa 11 alfajiri

Watu wakisikia mimi ni refa wa mpira wa kikapu huuliza moja kati ya maswali mawili: "Wanakulipa?" au "Hawajakupiga?" La kwanza nitalijibu jioni nikishapokea. La pili: bado.

Nikishaswali navaa raba nakwenda kukimbia kwenye kiwanja cha shule ya jirani, hapa hapa Magomeni. Mtihani wetu wa mbio ni mita 20 kwenda na mita 20 kurudi, unafuata mlio wa spika, na mlio wenyewe unazidi kuharakisha. Dakika za mwanzo unaweza kupiga soga na mwenzako. Za mwisho hata jina lako hulikumbuki. Ukishindwa hapo, hata kama sheria zote unazo kichwani, hupangiwi mechi za maana. Mlinzi wa shule ananiita mjeda. Nimeshachoka kumrekebisha.

Jumatatu hadi Ijumaa nauza kwenye duka la dawa. Nawafahamu marefa walimu, refa fundi umeme, refa karani. Hata huko juu ni hivyo hivyo: Sara Gamal, Mmisri aliyechezesha kikapu cha watatu kwa watatu kwenye Olimpiki ya Tokyo huku hijabu yake ikiwa kichwani, kisomo chake ni uhandisi. Picha yake iko kwenye skrini ya simu yangu. Mama kwa muda mrefu alidhani ni ndugu yetu wa Tanga.

Saa 1 asubuhi

Uji, chapati moja, na video. Natazama mechi za nje nimezima sauti, na mpira siutazami. Namtazama refa: kasimama wapi, kageuza uso wakati gani, kwa nini kasogea hatua mbili kulia kabla hata mchezaji hajaanza kupenya.

Hapa ndipo watu wengi wasipotuelewa. Wanadhani kazi yetu ni kuufuata mpira kwa macho. Mpira una watazamaji wa kutosha, uwanja mzima unautazama. Mnapokuwa marefa wawili nusu ya uwanja inagawanywa maeneo, na muda mwingi mmoja wenu anatakiwa kuangalia mahali ambapo mpira haupo: nani anamshika nani jezi, nani kamkinga mwenzake huku bado anatembea. Na hata mpira ukiwa kwako, unachotafuta ni ule uwazi kati ya miili miwili. Ukiuona uwazi unajua nani kaufunga. Usipouona unabaki kukisia, na refa anayekisia hufahamika kabla ya mapumziko.

Kupanda nako ni safari. Unaanza na kozi: sheria, alama za mikono, mtihani wa kuandika, mtihani wa mbio. Halafu unapewa mechi za shule na za vijana, nyingi, kwenye jua. Ukivumilia unaingia ligi ya mkoa ukiwa refa wa pili, na siku moja moja anakuja mtu mzima na fomu, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anaandika. Wewe unachezesha mechi, yeye anakuchezesha wewe. Akiridhika, jina lako linasogea ngazi ya taifa. Leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iko mbali zaidi, na hata ukiipata ni ya miaka miwili tu, kisha unapimwa upya.

Leo jioni mwenye fomu yupo.

Saa 2

Basi la mwendokasi hadi Gerezani, nimesimama njia nzima. Begi lina jezi mbili, soksi, maji, kitabu cha sheria kilichochanika mgongo, na filimbi mbili. Zote hazina kokwa, ile mbegu inayochezacheza ndani. Zamani filimbi zilikuwa na kokwa, na kokwa ikikwama filimbi haitoi sauti. Mkanada Ron Foxcroft, refa wa kikapu, yalimkuta hayo akiwa uwanjani, ndipo akatengeneza Fox 40 isiyo na kitu ndani cha kukwama. Nampenda sana mzee huyu. Hasira za refa zimetuletea kitu cha maana.

Saa 3 hadi saa 7

Mechi mbili za vijana wa chini ya miaka 16, JMK Park, Kidongo Chekundu. Watoto wazuri, makocha wazuri, jua baya.

Kasoro ni baba mmoja aliyesimama nyuma ya meza. Kila mtoto wa timu pinzani akipokea pasi huku anakimbia, baba anapaza sauti: "Katembea huyo! Hatua tatu!" Hakukosea kuhesabu. Ila tangu 2017 sheria za FIBA zinasema anayeudaka mpira akiwa mwendoni, mguu uliopo chini wakati anaudaka hauhesabiwi. Sisi tunauita hatua sifuri. Baada yake ndiyo hatua ya kwanza, ya pili, na hapo lazima asimame, apasi au atupe. Macho ya baba yanaona tatu, sheria inahesabu mbili. Wakati wa mapumziko nilimwendea, shikamoo kwanza, nikamwonyesha kwa miguu yangu mwenyewe pale pale kwenye saruji. Akaitikia, "Marahaba mwanangu, nimekuelewa." Robo ya tatu, pasi ya kwanza tu: "Katembea!"

Mchana: swala, wali maharage, nusu saa chini ya mti na viatu pembeni.

Saa 10 jioni

Mechi ya ligi, wanaume, uwanja mwingine ambao sitautaja. Kwa sheria mamlaka yetu yanaanza dakika 20 kabla ya mpira kurushwa, lakini refa mkuu wangu wa leo, kaka mmoja aliyechezesha tangu mimi niko sekondari, anataka mfike saa nzima kabla. Tunakaa tunapanga. Nani anaanza wapi, mpira ukienda kona ya mbali nani anauchukua, tukipuliza wote wawili nani anatangulia kuonyesha alama. Ananiambia, "Dada, leo kocha wa upande ule ana mdomo. Muache aongee. Akianza kutembea, ndipo."

Saa ya sekunde 24, inayohesabu muda wa timu kushambulia, ya upande mmoja haiwaki. Tunakubaliana kijana wa meza ahesabu kumi za mwisho kwa sauti.

Mwenye fomu amefika. Shikamoo mzee. Marahaba. Hakuongeza neno, akavuta kiti.

Robo tatu za kwanza zilikwenda vizuri, na mechi ikienda vizuri refa hana cha kusimulia: faulo za kawaida, sekunde tatu (mshambuliaji kukawia chini ya kikapu) mara mbili tatu, mmoja kaumia kidole akarudi. Shabiki mmoja alidai "sekunde tatu za ulinzi", kitu ambacho kipo NBA, ligi ya Marekani, na kwetu hakipo. Watu wengi mjini wamejifunza kikapu usiku kwenye televisheni, kwa sheria za Marekani, kisha wanakuja kutudai asubuhi.

Robo ya nne

Hapa saa niliacha kuiangalia, isipokuwa ile ya ubaoni. Miguu ilishaanza kuwa mizito, hii ni mechi ya tatu. Timu zinapishana pointi moja kwa dakika kadhaa. Kocha mwenye mdomo haongei tena, anaimba. Kila nikipita mbele ya benchi lake: "Dada refa, upande mmoja tu! Dada refa, macho!" Naitikia mara moja: "Nimekusikia kocha." Mara ya pili siitikii. Tulifundishwa kwamba swali linajibiwa, kelele hazijibiwi, na kutofautisha hivyo viwili ukiwa na kiu si kazi ndogo.

61 kwa 60, timu yake iko nyuma, zimebaki sekunde 48. Mimi ni refa wa nyuma, mwenzangu yuko chini ya ubao. Mchezaji wa timu yake anaruka, anatupa. Mpira uliopo hewani ni wangu, ndivyo kazi inavyogawanywa, mwenzangu anaangalia wanaosukumana chini. Mpira unagonga ringi, unapanda kidogo, unarudi, unaanza kuzunguka juu ya ringi. Beki anaruka anaufagia kwa kiganja. Mwenzake anaudaka, wanaanza kukimbia kwenda upande wa pili.

Sikupuliza.

Uwanja ulilipuka. Kwenye NBA hicho ni kikapu, kinahesabiwa. Kwa sheria za FIBA, mpira wa mtupo ukishagusa ringi, yeyote anaruhusiwa kuuondoa, wa kushambulia au wa kulinda. Kisichoruhusiwa ni kuigusa ringi yenyewe au ubao wakati mpira bado uko juu ya ringi, au kupitisha mkono kutoka chini ya wavu. Kwa hiyo mimi sikuwa nautafuta mpira. Nilikuwa natafuta vidole vya yule beki na chuma. Kati yake palikuwa na uwazi.

Kocha alikuwa anakimbia sambamba na mimi pembeni.

"Dada! Mpira ulikuwa juu ya ringi!"

"Ndiyo kocha, ulikuwa juu ya ringi."

"Sasa?"

"Ndiyo maana ni halali."

Nakiri kwamba jibu hilo halikumtuliza. "Halali tangu lini? Nani kakupa filimbi wewe?" Akaendelea kuja, akavuka eneo la benchi lake, akavuka mstari, mguu mmoja ndani, wa pili ndani, mikono juu, uso kwa majukwaa kama anahutubia. Ameanza kutembea. Nikapuliza, viganja viwili vikafanya T, nikaenda mezani kuripoti. Faulo ya kiufundi kwa kocha: mtupo huru mmoja kwa wapinzani, kisha mchezo unaendelea pale uliposimama. Mtupo ukaingia. 62 kwa 60.

Kilichofuata kilichukua muda mrefu kuliko robo nzima. Kocha hataki kurudi kwenye benchi. Msaidizi wake anamvuta, yeye anamvuta msaidizi. Mchezaji mmoja ananiambia kwa upole, "Dada, tusamehe, yuko hivi hata mazoezini." Mtu jukwaani anasema wanawake wachezeshe netiboli. Refa mkuu anakuja, hasimami mbele ya kocha bali kando yake, wote wakitazama uwanja, anasema kitu kifupi ambacho mpaka sasa hajaniambia ni nini. Kocha akaenda kukaa. Huo ndio ufundi ninaoutaka, na kwenye kitabu cha sheria haumo.

Timu ya kocha ikafanya faulo kusimamisha saa, ilishapitisha faulo nne kwenye robo hiyo, kwa hiyo wapinzani wakapata mitupo miwili, yote ndani. 64 kwa 60. Imekwisha.

Haijaisha. Kocha anamwita nahodha wake asaini malalamiko kwenye karatasi ya matokeo. Ana haki, nahodha ana dakika 15 baada ya mechi. Kwa hiyo tunakaa. Jasho linaanza kupoa mgongoni, mbu wanatoka, karatasi iko mezani na refa mkuu hajaweka sahihi yake. Kocha anamsimulia kila anayepita. Nahodha, kijana mrefu mpole, anamuuliza mtunza saa kama sheria anayo kwenye simu. Anayo. Nahodha anasoma, anasogeza, anasoma tena. Anarudisha simu.

"Saini!" anasema kocha.

"Kocha, twende tu," anasema nahodha, akachukua begi lake.

Usiku sasa

Mwenye fomu ametuita. Kwa mwenzangu alikuwa na maneno machache. Kwangu akaanza na alama za mikono, kwamba ninaporipoti namba mezani nafanya haraka mno, mwandishi wa meza anahangaika. Kisha ile ringi.

"Uamuzi ni sahihi," akasema. "Swali langu ni hili: uliona mkono haukugusa ringi, au uliijua sheria ukatumaini?"

"Niliona, mzee."

"Ulipotupa yule kijana ulikuwa umeanza kurudi nyuma."

"Hatua moja, mzee. Uso ulikuwa juu."

Akanitazama kwa muda, akaandika mstari mmoja, akafunika kalamu. Hakunionyesha. Nimelifikiria tangu pale hadi kwenye bajaji, na bado nasema niliona. Lakini naelewa anachotafuta: uamuzi sahihi unaweza kutolewa na mtu aliyebahatisha, na yeye hawezi kupeleka jina la mbahatishaji ngazi ya taifa. Kutoka kwenye kiti chake, hata yeye ringi ile hakuiona vizuri. Anachoweza kuona ni miguu yangu.

Na lile swali la kwanza: ndiyo, tunalipwa. Posho ya leo imekuja nusu, nusu nyingine "wiki ijayo". Ikikamilika inatosha nauli, chakula, na akiba kidogo ya raba, maana saruji inakula soli.

Saa 4 kasoro, nyumbani. Mama kaniachia samaki na ugali umefunikwa. Miguu iko kwenye beseni, simu mkononi. Ratiba ya kesho imetoka: saa 2 asubuhi, vijana, JMK. Mimi ni refa mkuu, mwenzangu ni kijana aliyemaliza kozi juzi juzi. Nimemwandikia afike saa 1, na aje na filimbi mbili.