Nilivyopata lindo Mbeya kwa kalamu, si kwa kifua

Nilipotoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini kutafuta kazi ya ulinzi, mjomba alinihakikishia kwamba kampuni huangalia urefu na kifua tu, na kwamba cheti changu cha mgambo kingemaliza mengine. Ushauri huo ulinipotezea miezi miwili na nauli za daladala nisizotaka kuzikumbuka.

Kampuni ya kwanza ilinipa karatasi nieleze tukio: lori limetoka ghalani usiku na magunia ya wizi. Nilijaza ukurasa mzima, nikaieleza baridi ya Juni, mbwa waliobweka na jinsi nilivyomkimbiza mwizi ambaye hata katika swali hakuwemo. Msimamizi, askari mstaafu, alisoma hadi mwisho, kisha akauliza, "Kijana, namba ya gari iko wapi? Saa ngapi? Geti alifungua nani?" Nilipobaki kimya, aliniambia kwa upole kwamba polisi hawawezi kuikamata baridi.

Mlinzi mmoja mzee wa Mwanjelwa, ambaye nilimpelekea chai siku tatu mfululizo, ndiye aliyenionyesha namna kitabu cha matukio kinavyoandikwa. Basi nikanunua daftari, nikakaa kando ya barabara kuu pale Uyole tangu alfajiri, nikiandika saa na namba ya kila lori linaloelekea Tunduma. Kalamu iligoma kwa baridi nikawa naipasha moto kwapani (anayeanza kazi hii abebe mbili), na siku ya pili wauza viazi walianza kukusanya ndoo zao wakidhani nimetumwa kukagua ushuru.

Niliacha pia kubisha hodi ofisini, nikaanza kufuata majengo mapya. Lindo moja la saa 24 huhitaji watu wawili wa zamu za saa 12, na wa tatu wa kuwapumzisha, kwa hiyo nilipomwona fundi akichomelea geti nilimuuliza ulinzi amepewa nani. Geti la nne lilinipa kazi.

Mshahara wa kwanza ulikuja bila ile nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, inayotajwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Niliingia ofisini na daftari langu, saa zote nimeziandika moja moja, na mwezi uliofuata nyongeza ililipwa pamoja na deni lake. Mjomba bado anawaambia jamaa kwamba ni kifua.